Shangazi Anayekoroma

Pale kituo cha zimamoto walimwita Sajini, ingawa cheo hicho hakuna aliyewahi kumpa. Alikipata kwa sauti. Hata akiomba apitishiwe chumvi mezani, ilikuwa kama anatoa amri, na uso wake haukuwa na kawaida ya kucheka. Si kwamba hakuyaona ya kuchekesha. Aliyaona, akayaacha yapite, akaendelea na kazi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, na katika maisha yake alikuwa ameingia kwenye moshi mara nyingi kuliko alivyoingia saluni. Maneno hayo ni ya mdogo wake, fundi cherehani, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, na Sajini hakuyabisha.

Mtu wa namna hiyo ungetegemea aumie kishujaa. Yeye aliumia akibadilisha balbu. Alipanda kiti cha ofisini, kile chenye magurudumu, muda mfupi tu baada ya kuwaonya vijana wa zamu wasikipande kiti hicho kwa sababu kina magurudumu. Kiti kikashika njia yake, naye akashika yake. Goti likafura likawa kama papai. Vijana wa zamu walisaidiana kumwinua, kila mmoja akitazama upande wake ili macho yasije yakakutana wakaangua kicheko.

Daktari alimkataza kupanda ngazi, kutambaa na kubeba mtungi wa hewa ndani ya moto mpaka goti litakapotengemaa. Lini litatengemaa, hilo daktari alimwachia Mungu.

Mkuu wa kituo alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole ambaye, akiwa na habari mbaya, hupitia kwanza kwenye methali.

"Sajini, samaki mkunje angali mbichi."

"Samaki gani, mkuu?"

"Watoto. Tumeombwa mtu wa kuzunguka shule za chekechea, awafundishe habari za moto majumbani. Kiberiti, jiko, moshi, wafanye nini, wasifanye nini."

"Mimi sikunji samaki, mkuu. Mimi nazima moto."

"Na goti?"

Sajini akalitazama goti lake kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemwaibisha mbele za watu. "Naanza lini?" akauliza.

Akaanza wiki iliyofuata. Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na uwanja wa mchanga. Ndani kulikuwa na meza fupi zilizopakwa rangi, kabati la vitu vya kuchezea, na ukutani picha za jua lenye nywele. Mwalimu wa chekechea alikuwa binti mwenye sauti ndogo. Sajini alipomwona alimhurumia, mpaka aliposhuhudia binti huyo akinyanyua kidole kimoja tu na darasa zima likanyamaza. Kituoni hakuna mkubwa aliyewahi kuipata heshima kama hiyo.

"Watoto, msalimieni mgeni wetu."

"Shikamoo mgeni!"

"Marahaba. Kaeni."

Walikuwa wamekaa.

Sajini alikuwa amejiandaa vizuri. Aliwaeleza kwamba moto unahitaji vitu vitatu, joto, hewa na kitu cha kuungua, na ukiondoa kimoja moto unakufa. Aliwaeleza habari za hitilafu za umeme. Aliwaeleza tofauti ya moto wa mafuta na moto wa karatasi. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali, na mvulana mmoja akanyoosha mkono.

"Mama yangu amenunua viatu."

"Hilo si swali."

"Vyekundu," akasema mvulana, kama anayejibu.

Kulikuwa pia na msichana mmoja asiye na meno mawili ya mbele, ambaye kwa kila neno lililosemwa aliuliza kwa nini, na akijibiwa, aliuliza na je kama sivyo. Mwalimu alikuwa amempachika jina la Wakili. Wakili alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani, akimsikiliza Sajini kama hakimu anavyomsikiliza shahidi asiyeaminika.

Ili kuwachangamsha, Sajini akaona awaonyeshe vifaa. Akageuka nyuma kwa adabu, akavaa koti zito, kofia ngumu, mtungi wa hewa mgongoni, na kinyago kinachofunika uso mzima. Alipogeuka kuwakabili, darasa lilikuwa na watoto. Alipovuta pumzi ya kwanza na kinyago kikatoa ule mkoromo wake, darasa halikuwa nao tena.

Walikuwa chini ya meza. Walikuwa ndani ya kabati la vitu vya kuchezea, ambalo mtu mzima asingeamini lina nafasi hiyo. Walikuwa nyuma ya sketi ya mwalimu. Mvulana wa viatu vyekundu alijifunika ndoo kichwani, na kwa kuwa yeye hamwoni mtu, alihesabu kwamba naye haonekani.

Sajini akainama kwa shida ya goti, akachungulia chini ya meza ili awatulize. Akakutana na jozi kadhaa za macho yaliyomtazama kama mauti. Watoto wakajikunyata, wakarudi nyuma, wakajibana ukutani. Mmoja alilia bila sauti.

Hapo Sajini akatulia kabisa. Macho yale aliyajua.

Aliyajua kutoka kwenye vyumba vyenye moshi. Mara ngapi alikuwa ameingia ndani ya nyumba inayoungua, akaita, asiitikiwe, akapekua kwa mikono, na mwishowe akamkuta mtoto ndani ya kabati la nguo au nyuma ya pazia, hai, akimtazama hivyo hivyo. Siku zote aliamini watoto wale walikuwa wamejificha wasiuone moto. Kulikuwa na mmoja aliyemkuta chini ya kitanda, kwenye kona ya mwisho kabisa, na huyo hakuwa akimtazama mtu tena. Habari za huyo Sajini hakuwahi kumsimulia yeyote zaidi ya sentensi hiyo moja. Sasa, akiwa amepiga goti baya kwenye sakafu ya chekechea, ndipo ikamjia kwamba pengine mtoto yule hakuwa amejificha moto peke yake. Pengine alisikia hatua nzito zikija, na ule mkoromo.

Akavua kinyago. Haikusaidia. Somo likaishia hapo, na mwalimu akatumia sehemu iliyobaki ya asubuhi kuwatoa watoto kabatini kwa biskuti.

Jioni nyumbani, mdogo wake alikuwa akishona sare ya mtoto, vipande vya kitambaa vimetapakaa kila mahali. Sajini alikaa pembeni, goti juu ya kigoda.

"Walikupenda?" mdogo wake akauliza bila kuinua macho.

"Mmoja alijitia ndoo kichwani."

Cherehani ikasimama. Mdogo mtu akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaona dada yake hachekeshwi, akajifuta macho.

"Dada, nikwambie kitu. Mtoto akiletwa kupimwa nguo, nikimwendea na mkasi mkononi anapiga yowe kama naenda kumchinja. Siku hizi namwachia kwanza futi ya kupimia. Anajifunga kichwani, ananipima mimi, anampima paka. Akishachoka na futi, hata mkasi haoni kama ni kitu. Wewe umeanzia kwenye mkasi."

Usiku ule Sajini alilala mapema, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili ya kuwaza.

Alirudi chekechea akiwa amevaa nguo za kawaida, amebeba mfuko mkubwa kama wa mfanyabiashara wa mitumba. Akaketi chini sakafuni, goti amelinyoosha. Watoto wakajipanga ukutani, karibu na mlango, tayari kwa lolote.

Akatoa buti moja. "Buti hili ni la nani?"

Wakili akasema, "Lako."

"Njoo uone kama linakutosha."

Wakili akaja kwa hatua za kujihami, akaingiza mguu, kisha akaingiza na wa pili ndani ya buti hilo hilo, na nafasi ikabaki. Kwa kitu kama hicho hakuna mtoto anayebaki ukutani. Wakaja wote. Buti likazunguka, kofia ikazunguka, koti likafunika watoto watatu kwa mpigo. Sajini aliwaacha mpaka walipoanza kugombania, ndipo akaanza kuvaa mbele yao, kipande kwa kipande, na kila kipande akiuliza.

"Nimevaa buti. Mimi ni nani?"

"Wewe!"

"Nimevaa koti. Mimi ni nani?"

"Wewe wewe!"

"Nimevaa kofia. Je, nimegeuka?"

"Bado!"

Akashika kinyago mkononi, akawaonyesha ndani, kwamba hakuna kitu, ni kioo na mpira. Akakiweka usoni. Akavuta pumzi, na ule mkoromo ukatoka. Watoto wakarudi nyuma hatua moja. Mwalimu akaushika mlango wa kabati, aufunge mapema.

Wakili akainamisha kichwa upande, akasikiliza.

"Shangazi anakoroma," akatangaza.

Darasa likalipuka kwa kicheko. Wakaanza kukoroma wote. Mvulana wa viatu vyekundu alijilaza chali kabisa ili akorome kwa ukamilifu.

"Ndiyo," akasema Sajini kutoka ndani ya kinyago, bila kutabasamu. "Ninakoroma. Sisi wa zimamoto wote tunakoroma. Mkiwa kwenye moshi hamtaniona uso. Hamtaona kitu. Mtanisikia nakoroma. Mkinisikia mtafanya nini?"

"Tutacheka!"

"Mtaniita. Mtasema: niko hapa. Halafu mtacheka mkiwa nje."

Kuanzia siku hiyo akawa Shangazi Koroma. Kituoni jina lilifika kabla yake, na Twiga, mzimamoto mmoja mrefu ambaye shingo yake ndiyo iliyompa jina, alimpokea kwa mkoromo langoni. Sajini alimpitia kama anavyopita nguzo.

Masomo yakaendelea. Alitupa vile vitu vitatu vya moto na hitilafu za umeme, akabaki na machache yanayoshikika. Kiberiti si cha mtoto, ukikiona mwite mkubwa. Jikoni mtoto hakai karibu na sufuria. Moshi unapenda juu, kwa hiyo wewe tambaa chini kama paka. Usijifiche. Ukitoka umetoka, hurudi ndani hata kwa mwanasesere, hata kwa kandambili. Nguo ikishika moto usikimbie, simama, lala, viringika. Na kwa sababu Wakili aliuliza na je kama huwezi kutoka, akawafundisha na hilo: ugusishe mgongo wa mkono kwenye mlango, ukiwa wa moto au moshi unaingia, usiufungue, ziba chini kwa nguo, nenda dirishani, piga kelele.

"Nguo gani?" Wakili akauliza.

"Yoyote."

"Hata nguo nzuri?"

"Hata nzuri. Nguo hailii."

Kilichofuata ni malalamiko. Watoto walikuwa wameelewa, na mtoto akielewa, nyumba nzima inakoma. Mtoto mmoja alipelekwa zahanati, nesi akamgusa paji la uso na kusema, "Mama, mwanao mwili unawaka moto." Mtoto akajibwaga chini hapo hapo, akaviringika kutoka mlango wa daktari mpaka dirisha la dawa, na wagonjwa wakampisha. Baba mmoja alirudi nyumbani amechoka, akatua mfuko, akasema siku hizi sokoni kunawaka moto. Wanawe pacha wakamshika kila mmoja mkono, wakamtoa hadi uani, wakamwekea ulinzi. Chakula kikapoa ndani. Kila alipoinuka aliambiwa: ukitoka umetoka.

Bibi yake Wakili alikuja shuleni mwenyewe. Alikuwa mama mwembamba, mnyoofu kama mwiko, aliyemlea mjukuu wake tangu mama wa mtoto apate kazi mji mwingine. Aliketi kwenye kiti cha chekechea, magoti yakamfika kidevuni, lakini heshima yake haikupungua.

"Mwanangu, wewe ndiye unayekoroma?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mjukuu wangu ananikagua. Nikipika, anasimama mlangoni, ananiambia mshikio wa sufuria ugeukie ukutani. Kiberiti amenipandishia juu ya kabati."

"Amekigusa?" Sajini akauliza haraka.

"Hakukigusa! Amenisimamia mpaka nikakipandisha mwenyewe. Sasa nikitaka kuwasha jiko napanda kigoda, umri huu. Jana nimesahau miwani ndani, ananikataza kuifuata. Nimeshatoka, anasema, nimetoka."

"Hapo alikosea, mama. Hapakuwa na moto."

"Nilimwambia hivyo. Akasema ni mazoezi."

Sajini alifikiri kidogo. "Kingine?"

"Kingine anatugombanisha na fundi sofa. Tunapanga nyumba moja, yeye ana chumba cha mbele, amejaza masponji mpaka darini. Mtoto amemwendea, kamwambia, mjomba, ukivuta sigara humo tutaungua. Fundi akacheka, akampa kipande cha sponji akachezee. Lakini mimi nikaona haya. Mtoto mdogo kumsemesha mtu mzima hivyo."

"Mama," akasema Sajini, "kwa hilo la fundi, mtoto hakukosea."

Bibi akasimama, akajinyoosha nguo. "Nilijua utasema hivyo," akasema, na akaondoka bila kuridhika. Sajini siku hiyo hiyo alimfuata fundi sofa, akamweleza habari ya sponji na moto kwa lugha isiyo na chumvi. Fundi alimkaribisha kiti, akamsikiliza kwa heshima zote, akakubali kila neno. Sigara aliishika nyuma ya mgongo.

Moto ulitokea mchana, saa za watu kusinzia baada ya chakula. Kwa bahati, Sajini alikuwa kituoni akirudisha vifaa. Simu ilipolia na mahali palipotajwa, alikuwa ameshakaa kwenye gari kabla ya wote.

"Sajini, goti," akasema mkuu wa kituo.

"Goti litabaki garini, mkuu."

Nyumba ilikuwa ndefu, ya vyumba vya kupanga, na ujia katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Chumba cha fundi sofa kilikuwa kikiwaka kama tanuri. Fundi mwenyewe alikuwa nje, nyusi hana, amekumbatia kiti kimoja alichofanikiwa kukitoa. Moshi wa sponji si moshi wa kuni. Ni mweusi, mzito, unapita chini ya milango kama maji. Ulikuwa umejaza ujia wote na sasa unatoka kwa mlango wa uani.

Uani majirani walikuwa wamemshika bibi. Alikuwa akifua nyuma wakati moto unaanza, na alipogeuka mlango ulikuwa umegeuka ukuta mweusi. Alijaribu kuingia, akarudishwa na kikohozi, akajaribu tena. Alipomwona Sajini akamng'ang'ania mikono yote miwili.

"Amelala. Nimemlaza mwenyewe. Yuko chumbani, mwanangu, amelala."

"Chumba gani?"

"Cha katikati, kushoto ukitokea huku."

Dirisha la chumba kile lilikuwa na nondo, na ukuta wa jirani ulikuwa umesogezwa karibu kiasi kwamba mtu asingepenya kati yake. Kikosi cha kwanza kilivuta mpira wa maji kupambana na moto kwa mbele. Twiga akavaa kinyago, aingie kwa nyuma. Sajini akakagua mikanda yake, akampiga bega.

"Usimtafute kitandani kwanza," akamwambia. "Sikiliza. Na usisite kuvuta pumzi kwa kelele. Wanajua kukoroma."

Twiga akatambaa, akamezwa na moshi.

Sajini alisimama na bibi, amemshika kiuno. Miguu yake ilitaka kwenda. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuwa mtu wa kusubiri nje, na sasa alijionea kwamba kazi ya kusubiri nje ndiyo ngumu kuliko ya ndani.

Ndipo kutoka kwenye ule mwanya kati ya nyumba na ukuta wa jirani, ikatoka sauti ndogo, kali, yenye kuudhika.

"Niko hapaaa! Mbona hamji?"

Sajini akamketisha bibi chini, akachechemea mpaka kwenye mwanya.

"Wakili! Mlango umefunga?"

"Nimefunga! Ulikuwa wa moto! Nimeziba!"

"Vizuri. Kaa chini hapo hapo dirishani. Anakuja mtu wetu."

Redio ya mkononi ikakwaruza. Ilikuwa Twiga. "Nimefika mlangoni. Amejifungia kwa komeo. Naweza kuuvunja, lakini amenisikia, amesogea nyuma yake. Hataki kufungua."

"Anasemaje?"

"Anasema bibi amemkataza kumfungulia mtu asiyemjua." Redio ikakwaruza tena. "Anasema nikorome."

"Basi koroma," akasema Sajini.

"Sajini, hapa mimi nina—"

"Koroma, Twiga!"

Kwenye redio ukasikika mkoromo wa kinyago, mrefu, wa kujitahidi, wa mtu mzima aliyejaa moshi na fedheha. Kisha sauti ya komeo. Kisha sauti ya mtoto, karibu kabisa na redio: "Wewe ndiye shangazi?"

"Ndiyo," akasema Twiga kwa sauti yake ya besi. "Mimi ndiye shangazi. Shika shingo."

Walitoka wote weusi, mrefu na mfupi. Wakili alikuwa amefunikwa koti, anakohoa, machozi yamechora mistari kwenye masizi. Sajini akampokea, akamwekea kinyago kidogo cha hewa, akamkagua mikono, miguu, mgongo. Hakuwa ameungua popote. Bibi alimkumbatia, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwona uso, kwa kuwa ulikuwa umezama kwenye nywele za mtoto.

Baadaye moto ulipozimwa, Twiga alirudi na bonge jeusi, lililolowa, linalonuka. Lilikuwa limesokotwa kwa ufundi chini ya mlango. Bibi akalikunjua, akaligeuza, akalitambua kwa vifungo.

"Gauni langu la kutokea," akasema taratibu. "Kati ya nguo zote za nyumba hii."

"Nguo hailii, bibi," akasema Wakili kutoka ndani ya kinyago.

Bibi alimtazama Sajini, Sajini akatazama mawingu.

Hakuna aliyekufa siku ile. Fundi sofa alipoteza kila kitu isipokuwa kile kiti, na alikuja kituoni kuomba radhi, ingawa hakuna aliyejua anayemwomba ni nani. Aliacha sigara kwa muda mfupi, kisha akairudia, lakini huvutia barabarani, upande wa pili kabisa, hata mvua ikinyesha. Mdogo wake Sajini alimshonea bibi gauni jingine, na alipokuwa akimpima, bibi alimsimulia tukio lote tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akaanza upya, pengine kwa kuogopa kwamba hakueleweka. Fundi cherehani usiku huo huo alikusanya vitambaa vyake vyote mbali na pasi. Dada yake aliliona hilo, akalipitisha.

Twiga naye walimwita Shangazi kwa majuma mengi. Akiulizwa, alisema ameshaitwa mabaya zaidi.

Goti lilipokubali kukunjika, daktari akamruhusu Sajini kurudi kwenye gari. Mkuu wa kituo akamwita ofisini, akavuta pumzi, na Sajini akajua methali inakuja.

"Mkuu," akamwahi, "nitarudi kwenye gari. Lakini asubuhi za shule mniachie."

"Nilitaka kukuomba hivyo hivyo," akasema mkuu, na akaonekana ameumia kidogo kwa kunyimwa methali yake.

Akawa anakwenda shule nyingine, na nyingine, na mfuko wake wa mitumba. Katika shule moja ya pembezoni, baada ya somo, mtoto mdogo kuliko wote alibaki nyuma, akamvuta koti.

"Shangazi, moto ukizimwa unakwenda wapi?"

Sajini alikuwa ameua moto maisha yake yote na hakuwahi kuuliza unakozikwa.

"Nitauliza," akasema.

Na kweli aliuliza. Kituoni, wakati wa chai, aliliweka swali mezani. Twiga alisema unakwenda hewani. Mkuu wa kituo alisema hauendi popote, kwa kuwa moto si kitu, ni hali. Dereva alisema kama si kitu, mbona unachoma. Mabishano yalipamba moto, chai ikapoa, na kengele ilipolia kuwaita kazini walikuwa bado hawajaafikiana.

Sajini alirudi kwa yule mtoto kama alivyoahidi. Akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana, goti likalia kwa sauti.

"Nimewauliza wote," akamwambia. "Hatujui."

Mtoto alilipima jibu hilo kwa utulivu. "Haya," akasema, na akaenda kucheza.